Stima Imefika Kijijini: Kikundi Kinapaswa Kujua Nini?

(Haya ni mazungumzo tuliyotoa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia hapa Kakamega. Tumeyaandika karibu jinsi tulivyoyasema, ili wale ambao hawakufika wayasome pamoja na vikundi vyao.)



Asanteni kwa kutuita. Mlituomba tuseme juu ya stima: ilitoka wapi, inaendeshwa na nani, na kikundi kidogo kinaweza kupata faida gani kwayo. Sisi si wahandisi. Sisi ni wakulima wa mahindi, maharagwe na miwa kidogo, na kikundi chetu kilianza na watu ishirini na wawili. Lakini tulikula hasara kwa sababu ya stima, na baadaye tukapata faida, kwa hiyo tuna neno la kuwaambia. Tutaanza na hasara, maana ndiyo iliyotufundisha.

MOTA CHINI YA GUNIA

Kwa miaka mitatu tulichanga pesa kila Jumamosi. Tulitaka mashine ya kusaga. Mama zetu walikuwa wanabeba mahindi kichwani kilomita nne kwenda, kilomita nne kurudi, na mara nyingine wakifika wanaambiwa dizeli imeisha. Basi waya zilipofika kijijini na nyumba zikaanza kuwaka, tukasema: mashine ya dizeli ya nini tena? Tununue ya stima.

Tukaenda mjini tukauziwa mota ya nguvu za farasi kumi. Muuzaji hakutuuliza kitu, na sisi hatukumwuliza kitu. Tukajenga kibanda, tukapiga sakafu ya simiti, tukaita wazee waje waone.

Fundi wa stima alipofika aliinua macho akaangalia waya kwenye nguzo. Kisha akaangalia mota. Kisha akatuangalia sisi. Akasema, "Wazee wangu, hii mota ni ya fezi tatu. Hapa kwenu kuna fezi moja tu. Haitazunguka."

Hapo ndipo alipotokea kijana mmoja na pikipiki, amevaa koti lenye mistari inayong'aa. Akatuambia yeye anajua watu. Tukimpa shilingi 18,000 za kusukuma faili, fezi tatu zitafika kwa wiki mbili. Tukampa. Hakuandika risiti. Simu yake ilizimwa juma lile lile, na mpaka leo hatujui alikuwa mtu wa wapi. Mota ilikaa chini ya gunia miezi kumi na minne. Kuku wakawa wanataga juu yake.

Katika kikundi chetu kuna mama mmoja mjane aliyeuza mbuzi wake ili atimize mchango. Hakutukana mtu. Lakini kila tulipokutana aliuliza swali moja tu: "Mbuzi wangu anasaga lini?" Hatukuwa na jibu. Ndipo tukaamua, kabla ya kutoa shilingi nyingine, tuelewe kwanza hii stima ni kitu gani. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kununua kabla ya kuuliza.

STIMA ILITOKA WAPI

Wacha turudi nyuma kidogo. Mwaka 1908 mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee alichukua mashine ya stima iliyokuwa Zanzibar, akaileta Mombasa. Mwaka huo huo mhandisi Clement Hirtzel alipewa ruhusa ya kuwauzia watu wa Nairobi stima. Mwaka 1922 kampuni ya Mombasa na ile ya Nairobi ziliunganishwa, ikazaliwa East African Power and Lighting. Hiyo ndiyo iliyobadilishwa jina mwaka 1983 ikawa Kenya Power and Lighting, na tangu mwaka 2011 inajulikana kama Kenya Power.

Angalieni ilianza wapi. Mombasa na Nairobi: bandari, reli, maduka, ofisi za serikali. Mahali nyumba zimekaribiana, nguzo moja inahudumia wateja wengi. Kwa shamba, nguzo kumi zinaweza kwenda kwa boma moja, na boma lenyewe lina balbu mbili. Si ati watu wa Kakamega hawakutaka mwanga. Ni hesabu ya kampuni ambayo haikukubali.

Tena kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilifunguliwa kule Jinja, Uganda, mahali mto Nile unatoka ziwani. Mwaka huo huo ikaundwa Kenya Power Company, kazi yake ikiwa ni kuleta stima ya Uganda mpaka Nairobi. Ikajengwa laini kubwa ya volti 132,000. Laini hiyo hutoka Tororo, inavuka mpaka, inapita huku kwetu Magharibi kwa Musaga, inakwenda Lessos, Lanet karibu na Nakuru, Naivasha, mpaka Nairobi.

Mmeelewa hapo? Stima ilipita kwetu kwanza kabla ya kufika Nairobi. Ilipita juu ya vichwa vya wazee wetu, na chini yake watu waliwasha koroboi. Kwa nini wasichukue kidogo tu? Kwa sababu stima ya laini kubwa haiwezi kuingia nyumbani. Ni kama mto uliofurika: huwezi kuchota kwa kikombe ukiwa umesimama katikati yake. Ni lazima ishushwe kwa hatua. Kwenye kituo kikubwa hushushwa ikawa volti 33,000 au 11,000, ndiyo ile inayotembea kando ya barabara zetu. Kisha transfoma ya kijijini huishusha tena ikawa volti 240, ndiyo ile ya balbu. Pasipo kituo na pasipo transfoma, waya iliyo juu yako ni ya mtu mwingine.

Mwaka 1973 serikali ilianzisha mpango wa kusambaza stima mashambani. Ilionekana wazi kwamba hesabu ya biashara peke yake haitatufikia. Ndiyo maana mpaka leo kila anayenunua stima, wa mjini na wa shamba, hulipa tozo ya asilimia 5 juu ya bei ya stima aliyotumia, ya kusaidia kazi ya mashambani. Basi stima ya kijijini si hisani ya mtu, wala si zawadi ya kampeni. Ni harambee ya nchi nzima, na wewe ukinunua tokeni umechanga.

Hata hivyo mwendo ulikuwa wa pole pole. Waya zilifika kwanza kwa masoko, shule za sekondari na vituo vya afya. Sensa ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba hapa Kakamega kama watu 6 tu katika kila 100 ndio waliotumia stima kwa mwanga. Sheria ya mwaka 2006 ilikuwa imeunda mamlaka maalum ya stima ya mashambani. Kisha mwaka 2015 ukaja mpango wa Last Mile, yaani kuwafikia wale walio karibu na transfoma, umbali wa mita 600. Malipo ya kuunganishwa yaliyokuwa kama shilingi 35,000 yakateremshwa mpaka 15,000, na ikaruhusiwa kulipa kidogo kidogo. Leo Kenya Power ina wateja zaidi ya milioni 9. Wengi wetu tuko ndani ya hesabu hiyo.

NANI ANAFANYA NINI

Kosa letu lingine lilikuwa kugonga mlango usio wetu. Tulidhani stima ni ofisi moja. Siyo. Shikeni haya:

KenGen huzalisha sehemu kubwa ya stima: kwa mvuke wa ardhini kule Olkaria, kwa maji ya mto Tana, ya Turkwel na ya Sondu Miriu. Wako pia wazalishaji wengine wa upepo, jua na mafuta. Hata kiwanda chetu cha sukari cha Mumias, mwaka 2009, kilianza kuzalisha stima kwa makapi ya miwa na kuuza megawati 26 kwa taifa. Kiwanda kilipoanguka, kikawekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, nayo biashara hiyo ikawa imekwisha. Hapo tujifunze kwamba stima haitengani na shamba: miwa ikikosa, na taa inazima.

KETRACO hujenga laini kubwa mpya za taifa.

REREC ndiyo mamlaka ile ya mashambani. Ilipewa jina hilo na sheria ya mwaka 2019. Hujenga laini za kwenda shuleni, sokoni na vijijini.

Kenya Power hununua stima kwa wazalishaji, hutunza laini ndogo pamoja na zile za mashambani, hufunga mita na kutuuzia. Serikali ina hisa asilimia 50.1 ndani yake. Hisa zingine ni za watu binafsi na mashirika.

EPRA ni mwamuzi. Ndiyo huidhinisha bei, na ndiyo hutoa leseni kwa mafundi wa kuweka waya.

Kwa hiyo transfoma ikiungua, unaripoti Kenya Power. Kwa simu yoyote unaweza kupiga *977#. Uwe na namba ya mita. Ukitaka kijiji kizima kipelekewe laini, hiyo ni habari ya REREC na viongozi mliowachagua, na kikundi kipeleke barua, si maneno ya barabarani. Ukiwa na shaka na fundi, mwombe akuonyeshe leseni ya EPRA. Fundi wa kweli hakasiriki akiulizwa.

Na yule wa pikipiki? Hayumo katika orodha hii. Malipo ya stima huenda kwenye akaunti ya kampuni na unapata risiti. Pesa inayoingia mfuko wa mtu ni pesa iliyopotea.

WAYA MBILI NA WAYA NNE

Sasa tuje kwa mota yetu. Fundi alitufundisha hivi: tokeni nje, angalieni laini ndogo inayotoka kwa transfoma kuja nyumbani. Mara nyingi ukiona waya mbili tu, hiyo ni fezi moja. Ukiona waya nne, hiyo ni fezi tatu. Lakini hii ni ya kukufanya uulize, si ya kukufanya ununue. Fundi athibitishe.

Fezi moja inatosha taa, redio, televisheni, pasi, kuchaji simu, kunyoa, cherehani, friji ndogo na mashine ya kutotoa vifaranga. Iko pia mota ndogo ya kusaga inayotumia fezi moja, lakini kazi yake ni ya watu wachache. Mashine kubwa ya kusaga, ya kuchoma vyuma au ya kupasua mbao huhitaji fezi tatu. Waya nyingi zilizotufikia majumbani ni za fezi moja. Zilikuja kuleta mwanga, na mwanga tumepata. Kazi ni jambo lingine, na hilo halikuja lenyewe.

Tulipoelewa hivyo, tuliandika barua ya kikundi, watu watatu wakaipeleka ofisini: mwenyekiti, mwandishi na yule mama mwenye mbuzi. Tuliomba tupimiwe gharama ya kuleta fezi tatu mpaka kibandani. Jibu lilipokuja, gharama ilizidi bei ya mota. Lakini tuliambiwa pia kwamba fezi tatu ziko sokoni, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu.

Tulikuwa na njia mbili. Kuuza mota kwa hasara tununue ndogo, au kuhamisha mashine sokoni. Tulibishana mikutano mitatu. Wenzetu wanne wakajitoa, wakisema kikundi kimeshaharibika. Tuliwarudishia walichoweza kurudishiwa na tukaachana kwa amani. Sisi kumi na wanane tukakodi chumba sokoni, karibu na fundi wa kuchoma vyuma. Kile kibanda chenye sakafu ya simiti sasa ni cha ndama.

Kuomba stima si kugumu ukifuata njia. Tulipeleka nakala za vitambulisho, namba ya PIN ya KRA, cheti cha kikundi, na cheti cha fundi mwenye leseni kwamba waya za ndani zimekamilika sawasawa. Kadirio la malipo lilipotoka, tulilipa wenyewe kwenye akaunti. Bei hubadilika, kwa hiyo msitegemee tuliyolipa sisi. Ulizeni ofisini kabla ya kuchanga.

KUHESABU UNITI

Uniti moja ni wati 1,000 zikifanya kazi saa moja. Ukijua hilo, hutadanganywa tena. Kila chombo kimeandikwa wati zake.

Balbu ya zamani ya wati 60, ukiiwasha saa 5 kila usiku, kwa siku 30 inakula uniti 9. Balbu ya LED ya wati 9, saa zile zile, haifiki uniti moja na nusu. Mwanga karibu ni ule ule. Pasi ya wati 1,000 ukiiacha ikiwaka saa moja, uniti nzima imekwenda.

Tangu mwaka 2023 nyumba inayotumia wastani wa uniti 30 kwa mwezi au chini yake ndiyo inayouziwa kwa bei ya chini kabisa. Ukipita hapo unaingia ngazi ya pili, na ukipita 100 unaingia ya tatu. Na mkiona shilingi mia ya mwezi huu haileti uniti sawa na za mwezi uliopita, msikimbilie kusema mita imerogwa. Ndani ya bei kuna gharama ya mafuta na ya kubadilisha fedha za kigeni, na hizo hupanda na kushuka kila mwezi. Kuna pia kodi na ile tozo ya mashambani tuliyotaja.

Sasa angalieni mota. Nguvu za farasi kumi ni kama wati 7,500. Ikifanya kazi kwa nguvu yake yote kwa saa nne, imekula kama uniti 30. Yaani mashine yetu kwa siku moja inakula kile nyumba ndogo inakula mwezi mzima. Kwa hiyo mambo mawili. Kwanza, kazi ya kikundi iwe na mita yake. Msiiunganishe na mita ya nyumba ya mwanachama, mtampandishia bei na mtagombana. Pili, andikeni. Sisi tuna daftari lenye mistari miwili kila siku: uniti zilizotumika na gorogoro zilizosagwa. Siku uniti zikipanda na gorogoro hazipandi, tunajua kisu kimeisha makali, au kuna mtu anasagia rafiki zake bure.

RADI NA WAYA ZILIZOANGUKA

Nyinyi mnajua radi za Kakamega. Mchana jua, jioni ngurumo. Radi ikipiga laini hata mbali, inaweza kufika mpaka kwenye mota yako. Ngurumo zikianza, tunasimamisha kazi na kuzima swichi kubwa. Nyumbani chomoeni redio na televisheni. Hakikisheni fundi ameweka waya ya kuingia ardhini. Wengine huiruka ili kupunguza gharama. Hiyo ndiyo huokoa maisha.

Waya ikianguka, usiiguse wala usiisogeze kwa mti. Weka mtu wa kuzuia watoto na ng'ombe, kisha piga simu. Msipande mikaratusi chini ya laini. Itakua, itagusa waya, na kijiji kizima kitalala gizani. Na mkiona watu wanapanda transfoma usiku bila gari la kazi, pigeni kelele. Mafuta na shaba ikiibwa, anayelala gizani si mwizi, ni sisi.

NENO LA MWISHO

Wazee wetu stima iliwapita juu ya vichwa. Sisi imefika mlangoni. Lakini waya iliyofika mlangoni bila kuelewa inaweza kutupita vile vile, tukabaki na balbu moja na deni. Elewa kwanza, ulizeni wote pamoja, lipeni mahali panapotoa risiti, halafu mnunue mashine.

Mashine yetu sasa inasaga siku sita kwa juma. Siku ya kwanza ilipozunguka, tulimwachia yule mama aweke gorogoro la kwanza. Unga ulipotoka aliushika mkononi, ukiwa bado moto. Mwenyekiti akamwambia, "Mama, mbuzi wako sasa anasaga." Akacheka, akajibu, "Anasaga, lakini alichelewa."

Nyinyi msichelewe kama sisi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Laini iliyo karibu nasi ina waya ngapi? Nani atamwuliza fundi mwenye leseni?

2. Ni kazi gani tunataka stima itufanyie, na kazi hiyo inahitaji wati ngapi?

3. Je, tumewahi kumpa mtu pesa bila risiti? Tutafanya nini isitokee tena?

4. Mwanachama aliyeuza mali yake ili achange, kikundi kinamlindaje?